Vipepeo Viwili

Huko Greenwich, katika mji wa London, mna nyumba ya makumbusho iliyofunguliwa mwaka 1991, nayo ni ya vipepeo vya mkononi tu. Vingine ni vya kale sana, vyenye mbavu za pembe ya ndovu iliyochongwa na kutobolewatobolewa mfano wa lesi.

Pembe sisi wa Upare twaijua. Katika karne ya 19 misafara ilipita chini ya milima yetu, ikapumzika Gonja, kisha ikashika njia ya pwani. Huko pembe zilipakiwa majahazini, zikavuka bahari, zikageuzwa vitana, funguo za piano, na mbavu za vipepeo. Mpagazi aliyezichukua begani, jina lake halikuandikwa.

Na kipepeo cha jikoni? Mwanamke huchuma ukindu, huuanika, huuchana, mwingine huutia rangi, kisha husuka na kukitia mpini. Kazi hii yataka macho na subira sawasawa na ya mchonga pembe. Lakini kikichakaa hutupwa katika moto ule ule kilioupepea. Ndiyo sababu vya zamani hatuvioni.

Juzi tulimwomba mama mmoja msukaji, pale sokoni Same, atufanyie kimoja cha kutundika darasani. Akacheka, akatuuliza, “Mwalimu, ukuta nao waona joto?”