Kusoma umri wa nishani za Kiitalia zilizofika pwani

Mei 1885 Kapteni Antonio Cecchi alifunga mkataba wa biashara baina ya Italia na Seyyid Barghash wa Zanzibar. Mwaka 1892 bandari za Barawa, Marka, Mogadishu na Warsheikh zikakodishwa kwa Waitalia, na mwaka 1905 wakazinunua kabisa kwa pauni 144,000. Kuanzia hapo hadi Somalia ilipopata uhuru mwaka 1960, makonsuli, magavana na maofisa wa Italia walipita pwani hii wakiwa na nishani vifuani. Nishani ya aina hiyo ikiibuka leo dukani, huja na hadithi ya muuzaji. Hadithi isikilizwe kwa adabu, kisha chuma kiulizwe.

Inayoonekana zaidi ni nishani ya Taji la Italia, aliyoiasisi Mfalme Vittorio Emanuele II tarehe 20 Februari 1868. Ni msalaba mweupe wa enameli, na katika pembe zake mna vifundo vya dhahabu, alama ya ukoo wa Savoy. Katikati, juu ya buluu, mna Taji la Chuma la Lombardia. Nyuma yupo tai mweusi mwenye ngao kifuani. Utepe wake ni mwekundu wenye mstari mweupe katikati. Ugumu ni kwamba uso huo haumtaji mfalme aliyeitoa. Ya mwaka 1870 na ya mwaka 1940 zinafanana kama pacha.

Nyota ya Zanzibar, aliyoianzisha Barghash, ni nyepesi zaidi kuisoma: ina jina la Sultani kwa herufi za Kiarabu. Anayejua kusoma jina la Hamoud bin Muhammad anajua papo hapo kuwa nishani hiyo ni ya utawala wa kati ya 1896 na 1902.

Kwa ile ya Kiitalia inabidi kutazama kazi ya sonara. Misalaba ya zamani mingi ni ya dhahabu. Ya baadaye mara nyingi ni fedha iliyopakwa dhahabu. Alama ya fascio, ile ya Mafashisti, ikionekana kwenye mhuri wa madini, chombo hakiwezi kuwa cha kabla ya sheria ya mwaka 1934. Sanduku nalo lina ushahidi, kwa sababu ndani ya kifuniko huwa na jina la karakana, kama Cravanzola wa Roma au Johnson wa Milano. Lakini jina hilo linamtambulisha aliyetengeneza, si siku iliyotolewa, kwani waliotunukiwa wengi walijinunulia wenyewe.

Mwaka wa kuasisiwa ndio unaovunja uongo upesi kuliko yote. Nishani ya Kikoloni ya Nyota ya Italia ilianzishwa mwaka 1914. Akikuambia mtu kwamba babu yake alivalishwa nishani hiyo na Cecchi, kumbuka Cecchi aliuawa Lafole Novemba 1896. Ile ya Watakatifu Maurizio na Lazzaro, yenye msalaba mweupe juu ya wa kijani, ni kongwe mno, kwani Papa Gregory XIII aliziunganisha jumuiya za watakatifu hao wawili mwaka 1572. Ukongwe wa jumuiya lakini si ukongwe wa kipande ulichokishika. Na ufalme wenyewe ulikufa mwaka 1946. Sheria ya 3 Machi 1951 ikaifuta nishani ya Taji la Italia na kuleta mpya ya Jamhuri, isiyo na Taji la Chuma, hivyo ofisa aliyetunukiwa Mogadishu mwaka 1955 hakupewa ile ya wafalme.

Naziomba familia za pwani zenye vitu hivi: msivisugue kwa ndimu wala majivu. Enameli ikipasuka haizibiki, na mhuri ukifutika ushahidi umekwenda. Wekeni pamoja nishani, utepe, sanduku na hati yenye jina na tarehe, na mkitaka kuuza, hati isiuzwe peke yake.