Mirambo na posa ya kutoka Kitete

Posa ikija kutoka Kitete, Tabora, shangazi hakosi kuguna: "Wa bara huyo, mnamjua?" Mguno huo ni wa zamani.

Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo aliifunga njia ya misafara kati ya Tabora na Ujiji. Waarabu wa Tabora, ambao pembe zao za ndovu zilipita hapo kuja Unguja, wakamwita jambazi. Stanley, mgeni wao, akasadiki, akaenda nao vitani. Wakashindwa. Kisiwani tulipata habari za upande mmoja tu, tena wenye mali iliyokwama.

Aprili 1876 Stanley akakutana naye uso kwa uso. Alitazamia jitu la kutisha, akamkuta mtu mpole, mwenye adabu. Wakachanjiana udugu. (Malaika hakuwa; rugaruga wake walichoma vijiji.)

Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Kijana wa Kitete tumeshamuuliza kabila. Swala yake, kazi yake, anavyoishi na mama yake, bado. Imamu wa msikiti wake ana simu. Tumpigie kabla shangazi hajajibu posa.