Habari za Mawakala wa Motokaa katika Marekani na Kufungwa kwa Maduka Yao, 1920–2010

Neno wakala limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na maana yake ni mtu aliyepewa idhini kutenda jambo kwa niaba ya mwingine. Mali aliyonayo si yake, na deni alifanyalo ni la yule aliyemtuma. Tukimwita muuza motokaa wa Marekani wakala, kama tufanyavyo sote, twamtaja kwa jina lisilomweleza vema. Yeye hununua motokaa kwa mwenye kiwanda kwa fedha zake mwenyewe, na mara nyingi zaidi kwa fedha alizokopa; huziweka katika kiwanja chake; na zisiponunuliwa, hasara ni yake. Wala si dalali, maana dalali hapati ila ujira wake. Kilichomfunga na mwenye kiwanda ni mkataba tu, unaomruhusu kuuza motokaa za jina fulani katika mji fulani. Tena hafanani na wenye yadi za Mombasa au Dar es Salaam wauzao motokaa zilizokwisha kutumika Japani, kwa kuwa hao hawana ahadi yoyote na wale waliozitengeneza. Nimeanza na jambo hili kwa sababu ugomvi nitakaoueleza umetokana nalo: je, duka la motokaa ni mali ya nani? Nitaendelea kulitumia neno wakala, lakini msomaji akumbuke kasoro yake.

Ugomvi wenyewe si wa jana. Katika mwaka 1920 biashara ilianguka ghafula katika Marekani, na Henry Ford, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amekopa fedha nyingi ili awanunue washiriki wenziwe wote, alijikuta ana madeni na motokaa haziuziki. Watu walidhani kwamba atakwenda kuwapigia magoti wenye mabenki wa New York. Hakwenda. Katika majira ya baridi ya 1920–21 aliwapelekea mawakala wake motokaa ambazo hawakuziagiza, akawataka walipe fedha taslimu zilipofika. Aliyekataa aliweza kunyang'anywa mkataba. Basi mawakala wakaenda kukopa katika mabenki madogo ya miji yao, wakalipa, na Ford akatoka salama. Waandishi wengi wamelisimulia tendo hili kama ushujaa wa mfanya biashara mmoja dhidi ya matajiri wa New York. Mimi naona kwamba deni halikutoweka, bali lilihama tu: lilitoka katika kiwanda kimoja likaenda kukaa katika mamia ya miji midogo, kwa watu ambao hapana aliyewauliza.

Mambo ya namna hiyo ndiyo yaliyowafanya mawakala watafute kinga katika sheria. Jimbo la Wisconsin lilitunga sheria ya kwanza ya kuwahifadhi mwaka 1937, na majimbo mengine yakafuata moja baada ya moja, hata ikawa mwenye kiwanda hawezi kumwondoa wakala pasipo sababu ya haki. Mwaka 1956 Bunge la Marekani nalo lilipitisha sheria inayomruhusu wakala kumshitaki mwenye kiwanda katika mahakama ya taifa akiona ametendewa kwa nia mbaya. Hapo kulikuwa na mawakala wengi mno. Mwaka 1949 walihesabiwa wapata 49,000. Mji wenye maelfu machache ya watu uliweza kuwa na wakala wa Ford, wa Chevrolet na wa Dodge katika barabara moja. Wakala alikuwa mtu mkubwa wa mahali: ndiye aliyelipia jezi za watoto wa mpira, ndiye aliyenunua nafasi ya matangazo katika gazeti la mji, na duka lake mara nyingi lilirithiwa na mwanawe, kisha na mjukuu.

Hesabu hiyo ilipungua polepole kwa miaka 60, hata ilipofika 2008 mawakala walikuwa 20,000 na zaidi kidogo. Lakini kupungua huko hakukuwa sawa kwa viwanda vyote. General Motors peke yake ilikuwa na mawakala wapata 6,200, hali Toyota, iliyokuja baadaye na kuchagua mahali pake kwa uangalifu, ilikuwa na wapata 1,200 tu, na kila mmoja wao aliuza motokaa nyingi kuliko wakala wa kawaida wa Chevrolet. Wakuu wa viwanda vya Detroit walikuwa wakiitazama tofauti hii kwa wivu kwa miaka mingi. Chrysler ilikwisha anza mpango mwaka 2008 wa kukusanya majina yake matatu, yaani Chrysler, Dodge na Jeep, chini ya paa moja katika kila mji, na kwa sababu hiyo kuwataka mawakala wanunuane wao kwa wao. Lakini sheria za majimbo ziliwazuia wasiende mbio. General Motors ilipoamua mwishoni mwa mwaka 2000 kulifuta jina la Oldsmobile, kuwalipa mawakala wake fidia kuliigharimu yapata dola bilioni 1, na motokaa ya mwisho haikutoka kiwandani mpaka 2004.

Ndipo ukaja mporomoko. Katikati ya mwaka 2008 galoni ya petroli ilipita dola 4, na watu wakaacha kununua motokaa kubwa, ambazo ndizo zilizokuwa faida ya Detroit. Mwezi wa Septemba benki ya Lehman Brothers ikaanguka, na mikopo ikakauka. Jambo hili la pili ndilo lililowaumiza mawakala zaidi, kwani wao huishi kwa mkopo pande mbili: mnunuzi hukopa ili anunue, na wakala mwenyewe hukopa ili ajaze kiwanja chake, akilipa riba kwa kila motokaa inayolala pale. Mwaka 2007 ziliuzwa motokaa milioni 16 na ushei. Mwaka 2009 hazikuzidi milioni 10 na nusu. Mamia ya maduka yalifungwa kabla serikali haijatia mkono, na hayo hapana aliyeyaandikia barua.

General Motors na Chrysler zikaomba fedha za serikali. Mwezi wa Februari 2009 General Motors ilieleza mpango wake wa kupunguza mawakala mpaka 4,100, lakini kidogo kidogo, hata 2014. Tarehe 30 Machi serikali ikajibu kwamba mwendo huo ni wa polepole mno. Mpango mpya uliotolewa mwezi uliofuata ulitaka wabaki wapata 3,600 hata mwisho wa 2010.

Lakini sheria za majimbo je? Hapa ndipo lilipo fundo la habari yetu. Sheria ya ufilisi ya Marekani humruhusu aliyefilisika kuikataa mikataba ambayo bado inaendelea, na sheria hiyo ya taifa hushinda sheria za majimbo. Neno letu kufilisika nalo limetoka katika Kiarabu, na wenye lugha hiyo huliunganisha na fals, sarafu ndogo ya shaba, ambayo wingi wake, fulus, ndio uliotupa fulusi. Muflisi ni mtu ambaye dinari na dirhamu zimemwishia, amebaki na shaba. Katika matumizi yetu, mtu akifilisika vitu vyake hunadiwa na mlango wake hufungwa. Ajabu ya mwaka 2009 ni kwamba Chrysler, iliyotangaza ufilisi tarehe 30 Aprili, iliishi. Na wakala ambaye hakufilisika, aliyekuwa akilipa madeni yake kila mwezi, ndiye aliyefungiwa. Ufilisi haukuwa mwisho wa kampuni bali kisu mkononi mwake. Mfasiri atakayeziandika habari hizi kwa Kiswahili ajihadhari na neno hilo.

Tarehe 14 Mei Chrysler ilitaja mawakala 789, yapata robo ya wote, ambao mikataba yao ingekataliwa. Siku ya pili yake General Motors iliwaandikia mawakala wapata 1,100 kwamba mikataba yao haitafanywa upya itakapokwisha Oktoba 2010. Wa General Motors walipewa malipo kidogo na miezi ya kumaliza shughuli, kwa sharti la kutia sahihi. Wa Chrysler hawakupewa kitu ila siku 26. Tarehe 9 Juni Hakimu Arthur Gonzalez alikubali, na toka hapo wakala aliyekuwa na motokaa mpya kiwanjani hakuwa na haki ya kuziuza kama mpya. Uchungu ulizidi kwa sababu mapema mwaka huo huo Chrysler ilikuwa imewasihi mawakala waagize motokaa zaidi ili viwanda visisimame. Waliitikia wakakopa, kama mawakala wa Ford walivyokopa mwaka 1921, isipokuwa hawa wa sasa hawakuachiwa hata duka. Mwezi wa Julai serikali ilipoanza kuwapa watu mpaka dola 4,500 kwa kila motokaa kuukuu iliyobadilishwa kwa mpya, zikauzwa karibu 700,000 kwa muda wa wiki chache, wao walikuwa watazamaji.

Wakuu wa viwanda, walipoitwa mbele ya kamati ya Baraza la Seneti tarehe 3 Juni, walijitetea kwamba mawakala wengi wa jina moja hushindana wenyewe kwa wenyewe, wakishusha bei na kulivunjia jina heshima, wala hawapati faida ya kutosha kutengeneza maduka yao. Hoja hii ina kweli ndani yake, hasa kwa miji mikubwa. Mawakala walijibu kwamba wao hawamgharimu mwenye kiwanda kitu, maana ardhi, majengo, mishahara na riba ni juu yao. Mkaguzi maalumu wa fedha za uokozi, Neil Barofsky, alipotoa taarifa yake Julai 2010, alielekea zaidi upande wao: alisema haikuonekana kwamba kufunga maduka kwa haraka vile kulikuwa kwa lazima, tena wakati watu wanapotezewa kazi kila mahali. Karibu nusu ya waliochaguliwa na General Motors walikuwa mashambani, mahali ambapo Toyota na Honda hazikuwa na nguvu. Na General Motors haikufuata vipimo vyake yenyewe kwa usawa.

Bunge halikungoja taarifa hiyo. Desemba 2009 lilitunga sheria ya kuwapa mawakala haki ya kupelekwa kwa wasuluhishi, na kabla mashauri hayajasikilizwa General Motors ikawarudisha 661 kwa hiari yake Machi 2010. Mwishowe ilibaki na wapata 4,500, hesabu iliyokaribia zaidi ule mpango wa kwanza wa polepole. Mawakala wa Saturn hawakuwa na bahati hiyo. Waliahidiwa mwezi Juni 2009 kwamba Penske atalinunua jina lao, akajitoa tarehe 30 Septemba.

Mwaka 2010 mawakala wa Marekani walikuwa wamebaki kama 18,500, na wengi wa waliobaki walikuwa na majina matatu au manne chini ya paa moja, waliyoyapata kwa jirani aliyefungiwa. Baadhi ya waliofungiwa waliishitaki serikali kwa kuwatwalia mali pasipo fidia. Mwaka 2014 mahakama ya rufani ilikubali kwamba mkataba waweza kuhesabiwa mali, lakini ikawataka wathibitishe kwamba ungekuwa na thamani yoyote lau serikali isingeviokoa viwanda. Mwaka 2019 shauri likaamuliwa, serikali ikashinda.