Kwa nini ndoano za Git hazisafiri

Swali ninaloulizwa sana na vijana wanaoanza kutumia Git ni hili: nimeandika skripti nzuri ndani ya folda ya .git/hooks, inanikagulia msimbo kila ninapouhifadhi, lakini mwenzangu alipolinakili ghala letu hakuipata. Imepotelea wapi? Wengine huapa kwamba ni hitilafu. Si hitilafu hata kidogo, imefanywa makusudi. Ila ukitaka kuyaelewa makusudi hayo inabidi turudi nyuma, maana kisa chenyewe kilianza zamani kabla ya Git.

Kwanza tuelewane kwa maneno. Ndoano ni skripti ambayo mfumo wa kudhibiti matoleo ya msimbo huiendesha wenyewe tukio fulani linapotokea. Mtu amehifadhi badiliko (nitaliita komiti, ndivyo tunavyosema kazini), au amesukuma kazi yake kwenye seva, basi skripti inaamka. Hakuna anayebonyeza kitufe. Unatega, unangoja samaki aume.

Mfumo wa kwanza uliojulikana sana ni SCCS, uliobuniwa na Marc Rochkind pale Bell Labs mwaka 1972. Watu wengi hudhani ndoano zilizaliwa baadaye sana, lakini ukisoma maelezo ya amri ya delta katika SCCS ya UNIX utakuta kitu cha kufurahisha. Msimamizi angeweza kudai kila badiliko liandamane na namba ya ombi lililoidhinishwa, kisha akataja jina la programu ya kuihakiki namba hiyo. Programu ikirudisha jibu lisilo sifuri, badiliko linakataliwa. Basi! Kanuni hiyo ya sifuri kwa ruhusa na namba nyingine yoyote kwa marufuku ndiyo tunayoitumia hadi leo. RCS ya Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1980, nayo nitaipita haraka.

Tusimame kwenye CVS. Mholanzi Dick Grune, mwalimu wa chuo kikuu kule Amsterdam, alikuwa akitengeneza programu pamoja na wanafunzi wawili ambao saa zao za kazi hazikuoana hata kidogo na zake. Akaandika skripti za kuwawezesha kufanya kazi bila kungojana, akazitangaza hadharani mwaka 1986. Mwaka 1989 Brian Berliner akaanza kuuandika upya mfumo huo kwa lugha ya C. Humo ndimo ndoano zilipopata makao rasmi: folda iitwayo CVSROOT, yenye faili kama commitinfo ya kukagua kabla, verifymsg ya kukagua maelezo ya komiti, na loginfo ya kutangaza baada ya kazi kuingia. Miradi mingi ya programu huria ilitumia loginfo kuwatumia wanachama barua pepe kila badiliko lilipoingia, na hivyo ndivyo watu walivyosoma kazi ya wenzao.

Kulikuwa na kero moja. CVS haikuijua komiti kama kitu kimoja kizima. Iliendesha ndoano folda baada ya folda, kwa hiyo ukigusa folda tatu barua tatu zinatoka. Ndiyo maana CVS ikaja na skripti ya ziada iitwayo log_accum, kazi yake kukusanya vipande hivyo na kuvifanya barua moja. Skripti ya kurekebisha skripti! Waliowahi kuitunza wananielewa.

Lakini jambo zito zaidi lilijificha kwingine. CVS iliruhusu mradi kutaja programu ya kuendeshwa kwenye seva wakati wa komiti, na jina la programu hiyo lilihifadhiwa katika nakala ya mtumiaji, ndani ya faili iitwayo Checkin.prog. Hebu fikiri. Faili iko kwenye mashine yangu, naweza kuihariri nitakavyo, nayo inaiamuru seva yako iendeshe nini. Januari 2003 mtafiti wa usalama Stefan Esser alitangaza kasoro kubwa ya kumbukumbu katika seva ya CVS, na katika onyo lake akaonyesha pia kwamba mlango huu ulimwezesha mwenye ruhusa ya kuandika kuendesha amri yoyote kwenye seva. Toleo la 1.11.5, lililotolewa mwezi huohuo, likauondoa kabisa. Swali ambalo hakuna aliyekuwa akiliuliza kwa sauti likawa wazi: anayeiandika skripti ni nani, na kompyuta inayoiendesha ni ya nani? Wawili hao wasipoaminiana, ndoano ni shimo.

Subversion, iliyofikia toleo la 1.0 Februari 2004, ililijibu kwa ukali. Ndoano zote zilikaa kwenye seva, katika folda ambayo mtumiaji wa kawaida haifikii. Ziliendeshwa hata bila PATH, ikabidi uandike njia kamili ya kila programu. Nimeona watu wazima wakipoteza mchana mzima kwa hilo: skripti inafanya kazi ukiiendesha kwa mkono, seva ikiiendesha inakufa kimya. Faida ni kwamba komiti sasa ilikuwa kitu kizima, na pre-commit ingeweza kuitazama yote kabla ya kuikubali au kuikataa.

Halafu Aprili 2005 Linus Torvalds akaanzisha Git, na hesabu yote ikabadilika kwa sababu kila nakala ni ghala kamili. Kila mtu ana seva yake mfukoni, tuseme hivyo. Je, ndoano zikae wapi? Kama zingesafiri pamoja na msimbo, basi kunakili tu ghala la mtu usiyemjua kungekuwa sawa na kumpa funguo za nyumba. Kwa hiyo git clone haileti ndoano wala faili ya mipangilio. Sampuli unazozikuta ndani ya .git/hooks zimetoka kwenye Git iliyo katika mashine yako mwenyewe, na tangu toleo la 1.6.0 la mwaka 2008 zinaishia na .sample ili zisiamke kwa bahati mbaya.

Najua inaudhi. Timu yenye watu kumi inataka ukaguzi uleule kwa wote. Tangu toleo la 2.9 la mwaka 2016 kuna mpangilio wa core.hooksPath: unaweka skripti katika folda ya kawaida ya mradi, halafu kila mtu anaandika amri moja kuikubali. Amri hiyo moja naipenda, kwa sababu ni mtu mwenyewe anayesema ndiyo. Na ukaguzi usiotakiwa kukwepwa uweke kwenye seva, katika pre-receive, maana pre-commit inarukwa kwa kuandika --no-verify tu.

Kama unadhani tahadhari hii ni woga, tazama jinsi washambuliaji wanavyouwania mlango huo. Mei 2018 Git ilirekebisha kasoro ambapo jina la moduli ndogo lenye nukta mbili na mkwaju liliwezesha ndoano ya mshambuliaji kuamka wakati wa kunakili ghala pamoja na moduli zake. Mei 2024 kasoro nyingine ya jamaa hiyohiyo ikazibwa katika toleo la 2.45.1. Safari hii wakaongeza na kinga ya kuzuia ndoano wakati wa kunakili, lakini ikawavurugia watumiaji wa Git LFS, na 2.45.2 ikaiondoa.

Wakati huo ndoano zilikuwa zimehamia wavuti. Jeff Lindsay alianza kulieneza wazo la ndoano za wavuti mwaka 2007: tukio likitokea huku, ujumbe wa HTTP unakwenda kule. Novemba 2019 GitHub ikafungulia watu wote huduma ya Actions, ambapo maelekezo ya kazi hukaa ndani ya ghala lenyewe, yakisafiri na msimbo. Unaona tulikorudi? Ni raha sana, mimi huitumia kila siku, na kompyuta inayoendesha ni ya kukodi, hutupwa kazi ikiisha. Lakini hata ya kukodi inaibika: mwaka 2021 GitHub ililazimika kudai idhini kwa kazi za wachangiaji wapya, baada ya watu kutuma mapendekezo ya msimbo ambayo shabaha yake ilikuwa kuchimba sarafu za kidijitali kwa mashine za bure.

Na mashine hizo hushikilia siri: nywila za seva, funguo za kuchapisha programu. Machi 2025 kifurushi kiitwacho tj-actions/changed-files, kilichotumiwa na maghala zaidi ya 23,000, kilivamiwa. Mshambuliaji hakutoa toleo jipya. Alizichukua lebo za matoleo ya zamani akazielekeza kwenye komiti yake, nayo ikasoma siri kutoka kumbukumbu ya mashine na kuzimwaga katika maandishi ya kazi, ambayo kwa maghala ya wazi husomwa na yeyote. Aliyeandika v35 akidhani ameshika kitu kisichobadilika alikuwa ameshika jina tu. Waliokuwa wameandika namba kamili ya komiti, herufi zote 40, kazi zao ziliendelea na msimbo uleule wa jana.