George Mikan na Mchezo wa Leo

Wapenzi wa mpira wa kikapu wana ubishi wao usiokwisha, na bila shaka wewe msomaji umekwisha kuusikia, au hata kuuchochea. Mmoja husema kwamba mashujaa wa zamani walikuwa mashujaa kwelikweli, na lau wangefufuliwa leo wangewatia adabu vijana wa siku hizi. Mwenzake hucheka, akajibu kwamba wazee wale walishindana na watu dhaifu, na ya kuwa leo wasingepata hata nafasi ya kukaa benchi. Ubishi wa namna hii hupendeza jioni baada ya chakula, lakini aghalabu hauna ushahidi ndani yake, na mwanafunzi wa historia hapaswi kubisha hivyo. Basi na tumchukue mtu mmoja, George Mikan wa Marekani, tumpime kwa mambo yaliyotokea kweli. Nimemchagua yeye kwa sababu sheria za mchezo zilibadilishwa naye angali akicheza, na yaliyompata baada ya hapo yaliandikwa.

Mikan alizaliwa mwaka 1924 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois. Alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 10, yaani mita 2.08, na macho yake yalikuwa mabovu hata hakuweza kucheza bila miwani mizito. Siku hizo wengi waliamini kwamba mtu mrefu mno hafai kwa mchezo huu: ni mzito, hujikwaa, hana shabaha. Alipoingia chuo kikuu cha DePaul mjini Chicago alimkuta mwalimu kijana, Ray Meyer, aliyeanza kazi ya kufundisha timu hiyo mwaka 1942, naye hakukubaliana na imani hiyo. Alimfanya aruke kamba, apigane ngumi na kivuli chake, ajifunze hata kucheza dansi, ili miguu ile mirefu ipate utiifu. Kisha alimsimamisha chini ya kikapu. Mtupo mmoja kwa mkono wa kuume upande wa kuume, audake mpira kabla haujagusa chini, hatua moja, mtupo wa pili kwa mkono wa kushoto upande wa kushoto, na hivyo hivyo, mara mamia. Zoezi hilo hufundishwa mpaka leo katika nchi nyingi, nalo huitwa kwa jina lake. Yamkini nawe umelifanya, ukatokwa na jasho, usijue ni urithi wa nani.

Matunda yalionekana upesi. Mwaka 1945, katika mashindano ya vyuo mjini New York, DePaul iliishinda Rhode Island kwa pointi 97 kwa 53, na Mikan peke yake alipata 53, sawasawa na timu nzima ya wapinzani. Baadaye, pamoja na Minneapolis Lakers, alitwaa ubingwa mara tano katika miaka sita, kuanzia 1949 hata 1954. Lakers walipokwenda kucheza New York mwezi wa Desemba 1949, tangazo lililobandikwa nje ya jumba la Madison Square Garden halikutaja timu yake hata kidogo. Lilisema tu kwamba George Mikan anacheza na Knicks.

Sasa tazama mistari iliyochorwa katika uwanja wa shule yako. Mbele ya kikapu pana eneo la pembe nne, ambamo mchezaji wa timu inayoshambulia haruhusiwi kukaa zaidi ya sekunde 3. Mikan alipoanza, eneo hilo lilikuwa na upana wa futi 6 tu. Aliweza kusimama ukingoni, akapokea mpira, akageuka mara moja tu, naye tayari yuko kikapuni. Mwaka 1951 wakuu wa ligi ya NBA walilipanua likawa futi 12, na sababu ilikuwa yeye. Kabla ya hapo alikuwa akipata wastani wa pointi 28.4 kwa mchezo. Msimu uliofuata akapata 23.8. Hapa wale wanaowadharau wazee watapiga makofi. Lakini wasipige upesi, maana ni katika msimu huo huo, mwezi wa Januari 1952, alipowafunga Rochester pointi 61, idadi ambayo hakuwahi kuifikia wakati eneo lilipokuwa jembamba. Na Lakers walitwaa ubingwa wa mwaka huo, na wa miaka miwili iliyofuata.

Badiliko la pili lilikuwa kubwa zaidi. Tarehe 22 Novemba 1950, timu ya Fort Wayne Pistons iliona kwamba haina dawa ya Mikan, ikaamua kuushika mpira tu. Walisimama nao, wakapasiana, wakasimama tena, na watazamaji wakazomea. Mchezo ulikwisha kwa Pistons 19, Lakers 18, na katika hizo 18 Mikan alikuwa na 15. Hapajatokea mchezo wenye pointi chache kuliko huo katika historia ya NBA. Michezo ya namna hiyo ndiyo iliyozaa sheria ya mwaka 1954, kwamba timu lazima irushe mpira kikapuni katika muda wa sekunde 24. Mwendo wa mchezo ukawa mbio. Mikan alikuwa amestaafu muda mfupi kabla sheria hiyo haijaanza, lakini alirudi katika msimu wa 1955-56, akacheza michezo 37, akapata wastani wa pointi 10.5, akaondoka moja kwa moja.

Ushahidi huu una uzito, ila usiubebeshe mzigo usio wake. Alikuwa na umri wa miaka 31, alikuwa amekaa msimu mzima nje, na mwili wake ulikuwa umevunjika mifupa mara nyingi. Hata hivyo hatuwezi kuutupa. Wanionaje nikisema kwamba Mikan wa mwaka 1950, akitiwa uwanjani leo kama alivyokuwa, angetaabika? Taabu yake kubwa isingekuwa katika kufunga. Ingekuwa katika kulinda. Wapinzani wangemtoa mtu wao mrefu wakamsimamisha nje ya mstari wa pointi tatu, uliotiwa katika NBA mwaka 1979, na Mikan angelazimika kumfuata huko, akiacha kikapu wazi nyuma yake. Tena katika kila mitupo 10 ya kawaida aliyorusha aliingiza kama 4 tu, kiasi ambacho mtu wa nafasi yake leo angekionea aibu. Kwa upande wa pili, katika mitupo ya bure anayopewa mchezaji aliyefanyiwa rafu, aliingiza 78 katika kila 100, na majitu wengi waliokuja baadaye hawakufika hapo. Wala uzito wa miguu peke yake si kosa. Nikola Jokić wa Serbia hakimbii sana wala haruki juu, naye alichaguliwa mchezaji bora wa NBA mwaka 2021, 2022 na 2024, akaipa Denver ubingwa mwaka 2023.

Lakini lipo jambo zito kuliko miguu, nalo ni watu aliopambana nao. Mpaka mwaka 1950 hapakuwa na mtu mweusi hata mmoja katika NBA. Ndipo wakaingia Chuck Cooper, Nat Clifton na Earl Lloyd. Hatuna haja ya kubuni kwamba walioachwa nje walikuwa hodari, kwani walipewa nafasi ya kuonyesha. Mwezi wa Februari 1948, mjini Chicago, Lakers walikutana na Harlem Globetrotters, timu ya watu weusi ambayo wengi waliichukulia kuwa ya kuchekesha tu. Mikan alipata pointi 24. Globetrotters walishinda 61 kwa 59, kwa mtupo wa mbali uliorushwa na Ermer Robinson saa ikimalizika, na mwaka uliofuata wakawashinda tena. Mimi sisemi kwamba jambo hili lafuta jasho la Mikan. Nasema ya kuwa mtu akihesabu mataji ya miaka ile, na ahesabu pia waliozuiwa mlangoni. Baadaye mlango ulifunguka hata huku kwetu Afrika, na nafasi ile ile ya Mikan ikachezwa na Hakeem Olajuwon wa Nigeria, Dikembe Mutombo wa Kongo na Joel Embiid wa Kameruni. Kuwa wa kwanza miongoni mwa watu kama hao ni kazi nyingine kabisa.

Lau Mikan angezaliwa katika siku zetu, swali lingekuwa jingine. Kijana aliyerusha mitupo mamia chini ya kikapu kwa sababu mwalimu alimwambia, angerusha mamia kutoka mbali vilevile. Nadhani angekuwa mchezaji mwema sana wa ligi, wala asingepata mataji matano.

Na huo mstari wa mbali ambao ungemtesa, unajua ni nani aliyesaidia kuuleta? Wazo lilijaribiwa mwaka 1961 katika ligi ya Abe Saperstein, mwenye wale Globetrotters. Likafa pamoja na ligi hiyo. Mwaka 1967 likafufuliwa na ligi mpya ya ABA, iliyokuja na mpira wa rangi tatu, nyekundu, nyeupe na buluu, na mkuu wa kwanza wa ligi hiyo alikuwa George Mikan.

Uzeeni alipatwa na kisukari, akakatwa mguu, na alipigania malipo bora ya uzeeni kwa wachezaji wa zama zake. Alifariki tarehe 1 Juni 2005. Gharama za mazishi zililipwa na Shaquille O'Neal, jitu la mita 2.16 aliyekuwa ametwaa ubingwa mara tatu na Lakers hao hao, waliokuwa wamehamia Los Angeles tangu mwaka 1960.