Minara ya Jua ya Mlima Wilson

Anayechunguza nyota hulilia mwanga. Anayechunguza Jua anao mwanga wa kumwaga. Kinachomsumbua ni joto. George Ellery Hale, Mmarekani aliyelipenda Jua tangu ujana, alilijua hilo vizuri juu ya Mlima Wilson, karibu na mji wa Pasadena, California.

Mwaka 1904, kwa fedha za Taasisi ya Carnegie, alianzisha kituo mlimani hapo. Vipande vya darubini yake ya kwanza, iliyoitwa Snow, vilipandishwa kwa nyumbu. Darubini hiyo ililazwa sambamba na ardhi, na kosa lilikuwa hapo. Asubuhi ilionyesha vizuri. Jua likishapanda na ardhi kupata moto, hewa ilichezacheza na picha ikatikisika.

Hale akaamua kuisimamisha darubini. Mnara wake wa kwanza, wa mita 18 hivi, ulianza kazi mwaka 1908. Vioo bapa vilivyo kileleni huudaka mwanga mbali na joto la ardhini na kuutupa wima, kupitia lenzi, hadi kwenye shimo lenye ubaridi usiobadilika. Humo ndimo kilimo chombo cha kuuchambua mwanga katika rangi zake.

Matunda yalionekana mwaka uleule. Mholanzi Pieter Zeeman alikwisha kuonyesha, mwaka 1896, kwamba nguvu za sumaku huathiri mistari ya rangi inayotolewa na gesi: hupanuka, hata kugawanyika. Hale akayakuta hayohayo katika mwanga wa madoa meusi ya Jua. Kwa mara ya kwanza sumaku ikagunduliwa nje ya Dunia! Mnara huo haukuishia hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, mwanasayansi Robert Leighton aliutumia kugundua kwamba uso wa Jua hupanda na kushuka kila baada ya dakika tano hivi, na leo mitikisiko hiyo ndiyo inayowawezesha wanasayansi kulichungulia Jua ndani.

Mnara wa pili, wa mita 46, ulikamilika mwaka 1912. Kwa hakika ni minara miwili: nguzo za ndani zimefunikwa na za nje bila kugusana, hivyo upepo huzipiga za nje tu. Humo, tangu Januari 1917, siku ambazo hali ya hewa imeruhusu, mtu amekuwa akitandika karatasi chini ya picha ya Jua yenye upana wa sentimita 43 hivi, akachora madoa kwa penseli na kuandika nguvu ya sumaku ya kila doa. Kutokana na vipimo vya mlimani hapo, Hale na wenzake walieleza mwaka 1919 kwamba ncha za sumaku za madoa hubadilishana nafasi katika kila mzunguko wa miaka 11 hivi. Kurudi zilipoanzia huchukua 22.

Setilaiti hupiga picha kali zaidi, tena usiku na mchana. Lakini anayetaka kulinganisha madoa ya leo na ya mwaka 1917 bado anaihitaji michoro hiyo ya penseli.