Ujazaji anuwai wa data pungufu

Ujazaji anuwai ni mbinu ya kitakwimu ya kushughulikia madodoso yaliyorudi na majibu pungufu. Programu hutengeneza nakala kadhaa za data, kila moja ikiwa na makisio yake. Kila nakala huchambuliwa peke yake, kisha matokeo huunganishwa kwa kanuni za Donald Rubin, Mmarekani aliyeifafanua mbinu hii katika kitabu chake cha mwaka 1987. Programu ya Stata ina amri za mi kwa kazi hii. Programu ya R ina kifurushi cha mice.

Hitilafu nyingi zinazosingiziwa programu chanzo chake ni dodoso. Kwa mfano, wilayani Karatu, Tanzania, watu hulima mahindi, maharage, ngano na vitunguu vya Mang'ola. Jirani, katika Tarafa ya Ngorongoro iliyo ndani ya hifadhi, kilimo kilipigwa marufuku mwaka 1975, kikaruhusiwa mwaka 1992, baadaye kikakatazwa tena. Mfugaji wa Nainokanoka, katika tarafa hiyo, akiacha wazi swali la ekari alizolima kijijini, hakuna jibu lililopotea: swali halimhusu. Programu isiyoelezwa hivyo itaazima ekari za mkulima wa Karatu na kumpa mfugaji shamba asiloruhusiwa kuwa nalo. Kaya hizo zitengwe kabla ya kujaza, tena kwa tarafa, si kwa wilaya, kwa kuwa Loliondo na Sale zimo katika wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro na huko watu hulima.

Idadi ya ng'ombe ina tabu yake. Kaya chache zina makundi makubwa, nyingi zina wachache, na makisio ya mkunjo wa kawaida huweza kutoa ng'ombe hasi. Hapo itumike njia ya pmm, inayochukua idadi halisi kutoka kwa kaya inayofanana.

Kijiji na tarafa zikiingizwa pamoja, taarifa hujirudia; mice huondoa kigezo kimoja na kuandika hivyo katika loggedEvents, orodha ambayo wachambuzi wengi hawaifungui. Kundi dogo ambalo wote wamejibu sawa likiikwamisha Stata, chaguo la augment husaidia. Matokeo yanayochunguzwa nayo lazima yawemo katika modeli ya kujaza. Kuhusu idadi ya nakala, White, Royston na Wood walipendekeza mwaka 2011 zisipungue asilimia ya kaya zenye pengo: asilimia 30, nakala 30.

Gumu zaidi ni pengo linalotokana na jibu lenyewe: mfugaji anayeficha ukubwa wa kundi lake, au aliyehama nalo kiangazi. Tangu mwaka 2022 kuna pia kaya zilizotoka Ngorongoro kuhamia Msomera, wilayani Handeni, zisizopatikana dodoso linaporudiwa. Hakuna amri inayogundua hali hiyo. Mchambuzi apunguze au aongeze makisio kwa asilimia 10, kisha 20, na hitimisho likibadilika achapishe matokeo yote. Takwimu hizi huamua malisho, maji na makazi ya watu. Ripoti isiyotaja mapengo yake isikubaliwe.